Sare Tuliyoifuata Ressano Garcia

Mimi shule niliishia darasa la nne, Tanga, lakini kwa nguo msinifundishe. Harusi za Watanzania wa Fordsburg na Yeoville, hapa Johannesburg, miaka nenda miaka rudi, sare nilichagua mimi. Nikisema hii, ni hii. Basi mjukuu wangu wa kwanza alipopata mchumba, kila mtu alingoja nifungue mdomo. Sikuufungua.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka ule. Eda niliimaliza, wakanikogesha, wakanifukiza udi, na kesho yake nikavaa tena gauni lile lile jeupe la eda. Si kwamba nilikuwa nalia. Ningekuwa nalia ningejua la kufanya. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii.

Kwetu harusi ina kazi moja ya bibi. Bibi anakaa kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi, anamzuia bwana harusi asiingie. Anamchamba kidogo, anasema huyu ni mke mwenzangu, hatoki, babu yake bado anamtaka. Bwana harusi anabembeleza, watu wanacheka, njia inafunguliwa. Sasa babu mwenyewe yuko kaburini. Utani ule ningeutoa wapi? Nikamwambia mjukuu amweke shangazi yake.

"Hapana, Bibi," akasema. "Kama wewe hakuna mlangoni, mimi hakuna harusi."

Kiswahili chake ndicho hicho. Amezaliwa hapa, Kizulu ndicho kinamtoka kama maji. Lakini nilijua hatanii. Kichwa kigumu kile karithi kwangu.

Jumamosi moja baada ya kuswali alfajiri, akaja na gari yake. "Twende Msumbiji, Bibi. Tunanunua sare, tunakula, tunarudi."

Tulikaa njiani masaa matano. Niliangalia nyasi, kisha milima, kisha mashamba ya miwa karibu na mpaka. Askari alifungua pasipoti yangu, akanitazama usoni, akatazama picha, akanitazama tena. Labda hakuona kama ni mtu mmoja. Akagonga muhuri.

Ressano Garcia ni mji mdogo. Ukishavuka tu, watu wanakuuzia: korosho, nazi, pilipili za chupa, mikate ya moto kwenye mabeseni. Mjukuu alinipeleka kwanza stesheni ya reli. Babu yake alipokuja Johannesburg ujanani alipitia mji huu, akalala siku mbili nje ya stesheni hiyo. Alituhadithia mara nyingi mpaka tukamchoka. Basi mjukuu akasimama kando ananivizia, simu mkononi. Alidhani nitalia. Niliona ukuta, benchi, na mbwa amelala.

"Bibi, unasikia nini?"

"Nasikia njaa."

Hata hilo lilikuwa uongo.

Tukaenda kula kwa mama mmoja mwenye meza chini ya turubai. Ana kuku wa kuchoma, na kisamvu cha karanga na nazi, wao wanakiita matapa. Nikauliza kuku kachinjwa na nani. Mjukuu akauliza kwa Kiingereza, mama akajibu kwa Kireno, nikala kisamvu. Kilikuwa kizuri. Najua kilikuwa kizuri kwa sababu mjukuu alilamba vidole. Mimi nilikitia mdomoni kama mtu anayejaza gunia.

Muuza nguo alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu, mnene, amekaa katikati ya vitambaa vilivyopangwa mpaka juu ya kichwa chake. Kapulana, ndivyo wanavyoviita. Nikachukua kimoja, nikafanya ninavyofanya siku zote: nikakigeuza nitafute jina. Kanga bila jina si kanga. Mimi nimegombana na watu kwa kanga, na nimewaomba radhi kwa kanga. Nikageuza huku, nikageuza kule. Maua, maua, maua.

"Mama, watafuta nini?" akaniuliza. Kwa Kiswahili! Kiswahili cha kwao kaskazini, jirani na kwetu, lakini nilimsikia vizuri.

"Maneno yako wapi?"

"Hamna maneno. Wataka kusoma, nenda shule."

Mjukuu akaziba mdomo kwa kiganja. Zamani ningemjibu mwanamke yule akafunga kibanda.

"Shule ilinishinda," nikasema.

"Hata mie, mama. Ndo maana niko hapa."

"Sasa mtu akikuudhi, unamvalia nini?"

"Namtukana. Nguo ya nini?"

Mjukuu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, lakini niliona kwamba inachekesha. Hata hilo nilikuwa sijaliona muda mrefu.

Nikaendelea kushikashika. Kilikuwepo kimoja cha bluu iliyokoza, kina maduara ya manjano. Kizito kidogo, pamba nzuri, si ile ya kuchuja rangi ukifua mara moja. Kilikuwa hakisemi kitu, na mimi nilikuwa sina la kusema.

"Hiki."

"Bibi, una hakika?"

"Nimesema hiki. Taja mko wanawake wangapi."

Akataja. Yule mama akaanza kukata. Mjukuu akasogea, akaniuliza chini chini, "Na mlangoni?"

"Nitakaa. Lakini utani sina. Usiningoje niseme kitu."

"Sharp, Bibi. Kaa tu."

Fundi Mkongo wa Yeoville alinishonea. Siku ya harusi nikavaa bluu yangu, nikawekewa kiti mlangoni. Bwana harusi akaja na wenzake, kaswida nyuma yao, suti imembana mabega.

"Shikamoo, Bibi. Naomba njia."

Nikamtazama. Nilitafuta neno, sikulipata.

"Bibi, nakuomba. Nitamtunza."

Wanawake wakaanza vigelegele. "Bibi kagoma!" "Wewe, piga magoti!" Akapiga magoti, jasho linamtiririka. Nami nipo tu. Wallahi sikugoma. Mdomo haukufunguka, na miguu ilisahau kunyanyuka.

Sauti ya mjukuu ikatoka chumbani: "Bibi, kaa! Muache yeye lia kidogo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana wa watu akaniangalia kama anaangalia daktari. Nikamwonea huruma, au nilijua kwamba hapo mtu anapaswa kuona huruma. Nikasogeza magoti upande, akapita.

Mpaka leo wanasema Johannesburg nzima haijapata bibi mgumu kama mimi. Sijawasahihisha.