Miguu ya Ndege na Kilo Nilizozificha

Mguu wa kushoto ndio uliovunjika kwanza. Ndege niliyoijenga kwa miaka sita nyuma ya nyumba yetu, katika mtaa mkongwe kando ya Jogoo Road, ilikwenda hatua arobaini kwenye uwanja wa vumbi huko nyanda za Athi, ikainama upande, kisha ikakaa chini kwa tumbo. Sikuwa hata nimejaribu kupaa. Siku hiyo ilikuwa ya kuiendesha chini tu, nione kama magurudumu yanatii. Nilitoka bila mchubuko, nikiwa tayari na orodha ya watu wa kulaumu.

Nilimlaumu fundi aliyenichomelea mabomba ya miguu. Niliulaumu uwanja kwa mashimo yake. Niliyalaumu matairi ya wilbaro, ambayo nilikuwa nimeyachagua mwenyewe na kuyasifu mbele ya watu. Mke wangu, aliyekuja kutazama na chupa ya chai, alikimbia uwanja mzima viatu mkononi, akanikagua kutoka utosini hadi unyayoni. Tuliirudisha ndege nyumbani juu ya lori la mchanga. Majirani walitoka kuipokea kimya kimya, kama watu wa msibani, na mmoja akauliza kwa adabu kama sasa ningeifanya banda la kuku.

Sisi watu wa Eastlands tuna dawa moja kwa kila chombo chenye magurudumu. Mtu akinunua gari dogo la kazi, kabla hajaliosha, kabla hata mchungaji hajaliombea, hulipeleka gereji likaongezwe springi. Gari la watu watano huinuka nyuma, na kesho yake limejaa magunia ya viazi hadi darini. Mzigo wa kesho hatuujui, basi tunajiandaa kwa wowote. Nami nikawaza kwamba ndege ni gari tu lenye maringo. Nikatafuta vyuma vya springi vilivyong'olewa kwenye pikapu kuukuu, nikavipachika vinne kila upande, nikamalizia na magurudumu ya pikipiki. Ndege ikasimama imara, pua juu. Nilikaa kitini nikarukaruka, nikaona haitikisiki, nikajipongeza kwa sauti.

Mtaani kwetu anaishi mzee aliyetengeneza ndege maisha yake yote hadi akastaafu. Ndiye niliyemwomba asimamie kazi yangu, maana bila sahihi yake hakuna mkaguzi ambaye angenisikiliza mimi, karani wa faili. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaizunguka ile miguu mara mbili, akaomba chai. Kisha akanieleza polepole kwamba mguu wa ndege hauhitaji ubishi. Unatakiwa ufunguke kidogo ukigusa ardhi, umeze kishindo, halafu urudi mahali pake. Miguu yangu isingemeza chochote. Kishindo chote kingepanda hadi kwenye uti wa mgongo wangu. Tena ilikuwa mizito kupita kiasi.

"Karani," akasema, "hii haitapaa. Hii itapeleka viazi Marikiti."

Ushauri wake ulikuwa nirudie mabomba mepesi, yenye bawaba juu, na katikati yafungwe kwa mpira, kama ndege za zamani. Hapo nilitamani kujificha. Mke wangu anauza akala, viatu vya tairi, katika soko la Kariokor, na amekata tairi kwa miaka ishirini kama wengine wanavyokata sukuma wiki. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa akiniambia nitumie mpira. Nami, kwa ujuzi wangu wote wa kupanga faili, nilikuwa nikimjibu kwamba ndege si kiatu. Sasa ilibidi niende kibandani kwake nimefyata mkia.

Hakunicheka. Jumamosi iliyofuata alikuja na furushi la tyubu mpya, akazichana kuwa blada, vile vipande virefu ambavyo watu hufungia mizigo kwenye baiskeli. Nilikuwa nimeng'oa springi zangu zote na kurudisha mabomba. Akaketi kwenye kigoda chini ya ndege, kisu mkononi, akamuuliza mzee azungushe mara ngapi. Mzee akajibu kwamba inategemea uzito wa ndege, petroli na rubani. Wa ndege tulikuwa tumeupima. Wakanigeukia.

"Sabini na nane," nikasema.

Ndiyo nambari iliyoandikwa kwenye mchoro, na ilikuwa kweli siku nilipochora mstari wa kwanza. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka sita ya chapati, na hesabu zangu zote zilikuwa bado zinambeba yule kijana niliyekuwa. Moyoni nilijua. Ndiyo maana niliweka springi nne badala ya mbili: nilikuwa nikimjengea miguu mtu mnene ambaye sikutaka kumtaja. Nilikuwa nimetoboa vyuma matundu ili kupunguza gramu chache, huku nikishushia mandazi manne kwa chai. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu tayari nilikuwa nimeipima kwa hatua arobaini.

Mke wangu akaweka kisu chini.

"Mimi ndiyo hupanua hizo suruali zako kiunoni," akasema, bila kupandisha sauti. "Mara tatu tangu uanze hii ndege. Nikifunga hii mpira ya mtu wa sabini na nane, itakatika na wewe ukiwa juu yake. Siku ile nilikimbia nikijua nimeshakuwa mjane. Sirudi huko kukimbia tena. Nipe kilo zako za ukweli, ama hii kisu naipeleka kwa mabawa."

Mzee akaichunguza chai yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kisu hakikunitisha, kilichoniuma ni kwamba siku ile uwanjani nilihesabu mabomba, matairi na mashimo, na sikuwaza hata mara moja yeye aliona nini alipokuwa akikimbia.

Mizani ya kumbeba mtu kama mimi ilikuwa moja tu karibu, ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulipanga foleni nyuma ya watu waliobeba mabati, masufuria yaliyotoboka na rimu za magari. Zamu yangu ilipofika nikavua viatu, nikatoa funguo mfukoni, nikafikiria pia kuvua mshipi, mke wangu akanitazama nikauacha. Mnunuzi akasoma kwa sauti ileile anayosomea kila mtu.

"Tisini na saba. Buda, unauzwa?"

Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na mahali pa kukimbilia. Mke wangu hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiinong'ona ile nambari, asije akaisahau.

Alizifunga zile blada mpaka saa kumi jioni, akihesabu kila mzunguko, akivuta kwa meno palipokataa. Kisha tukaiinua ndege kwa kamba kwenye boriti, tukajaza kiti magunia ya mchanga ya kilo tisini na saba, mzee akaiachilia. Miguu ikatanuka, mpira ukalia. Halafu ndege ikajikusanya taratibu, ikasimama wima. Mzee akairudisha juu na kuiangusha mara mbili zaidi, kisha akasema ya kwamba nitapaa, ila nipunguze petroli na niyaache mandazi.

Akanisogezea mchoro nisahihishe. Nikafuta sabini na nane, nikaandika tisini na saba. Nimeandika nambari za watu wengine maisha yangu yote; hii ilikuwa yangu. Mke wangu akainama juu ya bega langu, akaisoma, akaisoma tena. Kisha akaanza kukusanya vipande vya mpira vilivyobaki.

"Siku ya kuruka uniambie mapema," akasema, "nifunge kibanda."