Viti Vilikuwa Nje kwa Sababu ya Mlango Mpya

Admin, jina langu usilitoe. Nina miaka thelathini na minne na watoto wawili. Wazazi wangu walitoka Kongo, nami nimeolewa hapa Nchelenge na mvuvi Mzambia. Nitaeleza kwa mpangilio, nikianza na nyumba.

Aliijenga baba mkwe, sasa marehemu, alipostaafu migodini. Sebuleni aliweka mlango mkubwa wa vioo wa kusukuma pembeni, unaotazama ziwa. Reli yake ilikuwa imeliwa na kutu, ilibidi uuinue kwa goti ndipo usogee. Tena jua la jioni liliingia moja kwa moja, viti vyote vikapauka. Mume wangu alikubali tuweke mpya. Alipokwenda kuvua upande wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, nikasema atakuta kazi imekwisha. Nikachagua mapazia, rido kama tunavyoita sisi, ya kitambaa kizito cha bluu. Yale meupe mepesi ni mazuri, lakini hayazuii jua la hapa.

Fundi alisema atavunja saruji, vumbi litajaa. Nikatoa viti vyote nje, nikashusha mapazia ya zamani, nikatandika mkeka watoto wakae. Mnaojua misiba ya huku mmeshaelewa: nyumba iliyofiwa hutolewa viti na mapazia hivyo hivyo. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye mlango.

Jirani alipita akaona viti nje na sebule tupu, na alijua mume wangu yuko ziwani. Hakuuliza. Alirudi na wenzake, vitenge viunoni, wanalia. Nilipowaambia hakuna msiba, mmoja alinikumbatia akasema nilie tu, nisijikaze. Wakati huo mama mkwe alikuwa anarudi kutoka sokoni na beseni lake la samaki. Akasikia jina la mwanawe katika kilio. Alianguka palepale njiani.

Kesho yake, fundi akiwa amekwisha kufunga mlango mpya na rido zimetundikwa, mume wangu alirudi mzima. Alipoambiwa alicheka, akauliza kama walimlilia vizuri au walikuwa wanawahi chakula. Hakucheka tena wenzake walipokataa kupanda mtumbwi na mtu aliyekwisha kuliliwa. Sasa anashinda ufukweni akishona nyavu za wengine.

Mama mkwe alituita wote wawili. Aliongea polepole, bila hasira. “Mutoto wangu, mutu analiliwa mara moja tu. Rudisha mulango wa muzee, toa zile rido zako, hapo njo ziwa litasahau.”

Baadaye nikamuuliza mume wangu yeye anaonaje.

“Miye siamini,” akasema. “Lakini wale wanaamini, na mutumbwi ni wao.”

Mlango mpya unasogea kwa kidole kimoja. Kila ukisogea, mama mkwe anageuka kutazama ni nani. Ule wa zamani umeegemea ukuta wa nje, vioo vyake vizima. Nikiurudisha, nimekiri kwamba ni mimi niliyemwitia mume wangu kifo, na siku yoyote atakayochelewa ziwani macho yote yatakuwa kwangu. Nisipourudisha, hapandi mtumbwi, na sisi tunakula ziwa.

Fundi anasubiri jibu langu. Ninyi mnaoishi ukweni, nishaurini: nimwambie aje, au abaki kwake?