Mugeni na Taa ya Kushoto

Mugeni huwa haulizwi maswali, yeye ndiye huuliza. Wanaomjua tangu utotoni wanasema kwamba katekista alipowasimulia jinsi Lazaro alivyofufuliwa, Mugeni alinyoosha mkono akataka kujua kama Lazaro alikufa tena baadaye, na kama alikufa, je, watu walimlilia mara ya pili kwa nguvu ileile? Katekista alimtoa nje. Mpaka leo Mugeni analalamika kwamba hakujibiwa.

Mimi ni Maximilla. Nilizaliwa upande wa Kenya, lakini nimepanga chumba huku Busia ya Uganda, ploti moja na Mugeni, mumewe Paddy na mtoto wao Ritah. Sokoni pia kibanda changu cha vitenge kimepakana na chake. Kwa hiyo haya yote niliyaona kwa macho yangu au niliyasikia kupitia ukuta wa mbao, na asiyependa umbeya aishie hapa.

Kazi ya Mugeni ni kucha. Wanawake wa samaki wa kutoka Majanji, kule ziwani, humletea vidole vilivyochanwachanwa na magamba, na wakiondoka wanatembea wamenyoosha mikono mbele ili kila mtu aone. Ukimpa mkono wako, atakuuliza kwa nini ukucha wa kidole gumba hukua polepole kuliko wa kidole cha kati. Mimi sijui. Nani anajua? Lakini ukirudi nyumbani unajikuta umekaa kitandani unalinganisha vidole.

Paddy yeye ni dereva. Ana gari kuukuu la viti saba, na kila alfajiri huenda Majanji kuwachukua hao wanawake na ndoo zao. Ni mtu wa mzaha, au alikuwa, maana mvua za mwaka jana zilipoanza mzaha ulimwisha. Siku moja Benedeta, mchuuzi wa samaki ambaye ulimi wake hauna breki, alikaa kwenye stuli ya Mugeni akasema bila kupunguza sauti:

"Mama Ritah, bwana yako siku hizi anaendesha kama amebeba maiti. Juzi pale Buhehe ng'ombe ilikuwa katikati ya barabara, yeye haoni, mpaka sisi wote tumepiga kelele. Tumeingia kwa mtaro na samaki yetu."

Mugeni aliweka tupa chini. Kucha za Benedeta zilibaki nusu.

Jioni hiyo nilikuwa naanua nguo. Nikamwona Paddy uani peke yake, macho ameyafumba, mikono mbele, anatoka mlangoni kwao kuelekea chooni. Aligusa kamba ya nguo, akagusa pipa la maji, akakunja kona bila kufungua jicho. Mugeni alikuwa amesimama nyuma yake anamtazama.

"Baba Ritah, unatafuta nini?"

Paddy alishtuka kama mwizi. Kisha akakaa kwenye pipa na kusema yote. "Macho yangu inakufa," alisema. Baba yake, mzee Oguttu, yuko kule kwao hata mchana haoni kitu, na wote tunajua. Kumbe ugonjwa wa mzee ulianza vivi hivi, barabarani, kabla jua halijatoka. Alikuwa anabeba abiria kwa baiskeli, akaanza kuingia mitaroni ambayo wenzake waliiona. Baadaye giza likamfuata hadi jioni, mwishowe hadi saa sita mchana. "Mtoto ya nyoka ni nyoka," Paddy alisema. Hospitali hataki kwenda, kwani huko watamwambia tu kile ambacho anakijua tayari. Ndiyo maana ameanza kujifunza nyumba yake gizani mapema, asije akawa mzigo.

Nilimhurumia hadi nikaangusha shuka kwenye matope. Mugeni hakulia. Alikunja uso kama mtu aliyepewa chenji isiyo sawa.

"Na ndani ya nyumba?" akauliza.

"Ndani ya nyumba nini?"

"Jana usiku umesoma ile maandishi kidogo ya kwa boksi ya dawa ya Ritah. Mimi sikuona, wewe umesoma. Kama macho inakufa, mbona haikufa ndani ya nyumba?"

"Ya baba pia ilianzia barabarani."

"Baba yako alikuwa na baiskeli yenye haina taa."

Lakini mtu aliyeishi na hofu yake muda mrefu haiachi kwa neno moja. Paddy akaingia kulala.

Kesho yake Mugeni hakufungua kibanda. Alichuchumaa mbele ya gari, akakagua zile taa kama anavyokagua kucha za mteja mgeni. Zilikuwa za njano, zenye ukungu, sehemu ya juu imezidi ya chini. Akapitisha kidole: kunakwaruza. Akachungulia ndani kwa kutokea pembeni: kule kweupe, hakuna shida. Basi uchafu huu umekaa wapi? Na kwa nini juu zaidi kuliko chini?

Akanikokota hadi kwenye foleni ya malori ya mpakani. Jamani, aibu! Mwanamke mzima anatoka lori hadi lori akizipapasa taa na kuzigonga kwa ukucha. Madereva walipiga miluzi. Mmoja akauliza kama anataka mume au anataka gari. Mugeni hakumsikia, alikuwa ameinamisha sikio. Lori moja la zamani kabisa, bodi imeliwa na kutu, taa zake zilikuwa safi kabisa.

"Sikia," akaniambia, akagonga. Ting. Akaenda kwa lori jipya kidogo lenye taa za njano, akagonga. Top. "Ile ni kioo. Hii ni plastiki. Kioo haichomeki na jua. Plastiki inachomeka, na jua inatoka juu. Maximilla, hii gari si kipofu! Ngozi yake ya juu tu ndiyo imekufa, kama ukucha yenye ilikaa na rangi ya zamani."

Eriya, fundi wa magari wa hapo karibu, alicheka mpaka akashika kiuno aliposikia mpango wake. "Sasa unaenda kupaka gari kucha?" Lakini Eriya ni mtu mwema. Alimpa taa iliyovunjika ya kufanyia majaribio, akamfundisha kulowanisha msasa kwa maji, kuanza na ule mkali na kumaliza na ule laini, na kuzungushia taa utepe wa karatasi wenye gundi ili rangi ya bodi isichunike. Mengine Mugeni alikuwa anayajua kwa mikono yake. Ukucha pia huanza na tupa kali, ukamaliza na laini, ukasugua mpaka ung'ae, na mwisho ukaufunika, kwani ukucha usiofunikwa unafifia kabla ya Jumapili.

Hapo kwenye kufunika ndipo alipokosea. Alipaka ile taa mbovu rangi ya kucha isiyo na rangi, ikameta, akaniita niione, tukashangilia. Asubuhi ilikuwa imejaa nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Mwingine angekata tamaa. Yeye alifurahi! Alikaa nayo juani anaigeuzageuza, anajiuliza ni nini ndani ya ile chupa kinachokula plastiki na kisile ukucha. Kisha akapanda gari la Tororo, akaenda kwa mpiga rangi za magari, akarudi na kopo la vanishi ya kupuliza.

Paddy hulala mchana kwa sababu ya kazi ya alfajiri. Alipolala, Mugeni akaanza. Maji yaliyotiririka kwenye bampa yalikuwa ya rangi ya mchuzi. Katikati ya kazi taa iligeuka nyeupe pee, haionyeshi kitu, mbaya kuliko mwanzo, na mimi nikamwambia, dada, umeliua gari la watu. Akaendelea kusugua, msasa mwingine, na mwingine, kisha dawa ya meno kwa kitambaa, na polepole balbu ya ndani ikaanza kuonekana kama kitu kinachopanda kutoka kisimani. Nikapiga vigelegele peke yangu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea, maana jina la Mugeni kwa Kisamia ndilo hilohilo, mgeni.

Akapuliza vanishi kwenye taa ya kushoto, kisha akakusanya vitu vyake.

"Na ya kulia?" nikauliza.

"Ya kulia inabaki."

"Umechoka?"

"Nikisafisha yote mbili, atasema Mungu amemponesha. Asubuhi nyingine akiona ukungu tu, hofu inarudi. Mimi nataka ajue."

Nilimkasirikia. Niliona ni ukatili kumpima mume wako kama mtihani wa shule. Na kama taa zote mbili zingeonekana sawa machoni pake? Nilipomuuliza hivyo, nikaona anakikunja na kukikunjua kitambaa kilekile, nikaelewa kwamba swali hilo alikuwa nalo tangu asubuhi.

Jua lilipozama na akina mama wa ploti wakaanza kuwasha majiko, Mugeni alimwamsha Paddy, akamwambia ageuze gari litazame ukuta wa kanisa dogo la jirani, ambao ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya sherehe. "Washa taa," alisema. "Kama ni macho yako, ukuta yote itakuwa sawa."

Paddy akawasha.

Upande wa kulia wa ukuta palikuwa na doa la njano lililochoka, halina mwanzo wala mwisho. Upande wa kushoto palikuwa peupe hata ukaona alama za brashi kwenye chokaa, na mjusi mmoja aliyeshtuka akakimbilia dirishani.

Paddy alitoka garini bila kufunga mlango. Alifumba jicho moja akatazama, akafumba la pili akatazama. Alivua koti akaifunika taa ya kushoto, ukuta ukafa. Akalitoa koti, ukuta ukafufuka. Alirudia hivyo hadi majirani wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mwanamume yule alikuwa amekaa chini kwenye changarawe analia waziwazi.

"Nilikuwa nakariri vitu," alisema. "Mlango nilishajua. Choo nilishajua. Sauti ya Ritah, nilishajua. Lakini uso yako, Mama Ritah, ilikataa. Nikifunga macho tu, inapotea. Kila siku nasema nitajaribu tena kesho."

Mugeni, ambaye sijawahi kumwona akikosa swali, hakuuliza kitu. Alitoka nyuma ya gari, akaenda akasimama mbele ya taa ya kushoto, vumbi la plastiki likiwa bado kwenye nyusi zake, akamgeukia.

"Basi angalia," akasema.

Paddy akamwangalia. Mimi nilipiga kelele kwamba betri itakwisha, na hakuna aliyenisikia.