Barafu ya Mtindi na Papai

Mke mwenzangu alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili apungue mwili, mume wetu alimleta kwangu Bwera nimuuguze. Alikatazwa sukari, kwa hiyo nilisaga papai na mtindi, nikagandisha katika vikombe vidogo. Alikula vijiko vichache tu, akashiba.

Magauni yalianza kumpwaya. Mume wetu, aliyezoea kulala Kasese kwenye malori yake, sasa alirudi kila jioni kumtazama yeye.

"Dada, mukono yako iko tamu," mke mwenzangu aliniambia siku moja.

Nilimwonea wivu. Nilichukua kikombe kizima, nikakimaliza mbele yake. Machozi yalimlenga.

"Mimi siwezi tena kula hivyo," alisema.

Nilifurahi, na bado nilikitamani kiuno chake.