Migongo Ndani, Nyuso Nje

Miaka ya hamsini niliolewa na fundi mwashi, akanitoa kwetu Kilolo, Iringa, akanipeleka upande wa Mbeya, kwa Wanyakyusa. Lugha yao siijui, ndizi zao sijazizoea, lakini kwa kuchezesha watoto sikuwa na mpinzani. Nasema bila haya. Nipe debe tupu na watoto kumi, na mama zao waliokuja kutazama tu, baada ya muda mfupi wote wanaruka.

Kila Jumapili baada ya ibada nilichezesha familia uani mwa kanisa. Mduara, hatua tatu mbele, tatu nyuma, halafu wakubwa mikono juu, watoto wapite chini kama sungura wanaoingia shambani. Mzee wa kanisa hakupenda. Ngoma na kanisa wapi na wapi? Akanipa Jumapili tatu.

"Nikisikia lalamiko moja, mama, debe lako utachotea maji."

"Hutalisikia, baba," nikamjibu.

Mdomo huo! Moyoni niliogopa. Pale sikuwa na ndugu wala rafiki; ni uani tu ndipo watu waliponiita kwa furaha.

Jumapili ya tatu uwanja ulijaa. Nikatangaza kwa mbwembwe: leo kila mtoto alete wakubwa wawili anaowapenda. Binti mmoja wa miaka minne hivi akamleta mama yake, kisha akapotea nyuma ya kanisa, walikokaa wanaume. Akarudi anamburuta babu yake. Na babu mwenyewe ndiye yule yule mzee wa kanisa! Nikasema, leo nimempata. Mama mtu alikuwa anarudi kinyumenyume, anapanua mduara na wenzake. Nikamshika mabega, nikamsogeza hadi karibu na mzee ili washikane mikono.

Wanawake wakapiga yowe. "Mkwewe! Mkwewe huyo!"

Yule mama akajifunika kanga uso mzima, akachuchumaa. Mzee akageukia ukuta. Nikaacha kupiga debe.

Jamani, kwetu mkwe tunamheshimu, lakini tunamsalimia. Pale mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawagusani. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini mpaka mzee apite. Nilikuwa nimeishi pale miezi saba na hakuna aliyeniambia. Nani amwambie mtu mzima jambo ambalo kila mtoto analijua? Nikajikasirikia, nikawakasirikia na wao. Na katikati alisimama yule mtoto, analia, hajui aende kwa nani. Machozi yale yaliniuma kuliko aibu yangu.

Nikalipiga debe kwa nguvu.

"Geukeni! Wote! Migongo ndani, nyuso nje!"

Wakageuka. Mama nikamwinua, nikamhamishia upande wa pili, uso wake kwenye migomba. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta, kwa hiyo huyo sikumgusa. Kati yao nikapanga watu wengine, kulia na kushoto. Mikono juu! Mtoto akapita chini ya mkono wa mama yake, akakimbia katikati ya migongo yote, akatokea chini ya mkono wa babu. Akarudi. Akaenda tena. Wa kwanza kucheka alikuwa mzee, kicheko kikubwa cha tumboni. Mama naye akacheka ndani ya kanga.

Tulipomaliza, mzee aliondoka akiambaa na ukuta, hakugeuka.

"Jumapili ijayo, mama," akaniambia. "Lakini migongo hivyo hivyo."

Jioni yule mama akaniletea mkungu wa ndizi. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Dada, nimeolewa pale miaka sita. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia baba mkwe akicheka." Akautua mkungu mlangoni. "Kumbe mwanangu kicheko chake kakitoa kule kwa babu yake."