Mifuko ya Salfa Ndani ya Kiungamio

Altare hawakuigusa. Mimbari waliifuta, na kisima cha ubatizo pale mlangoni wakakifunika kwa kitambaa cheupe kisiingie vumbi. Ila kiungamio, kile kijumba cha mbao chenye pazia ambamo mtu humnong'onezea padri dhambi zake, kamati ya kigango chetu cha Marambo ilikijaza mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Eti ndiyo sehemu kavu kuliko zote, na padri huja mara moja tu kwa mwezi.

Wiki hiyo nilikuwa Ruangwa kwa shughuli zangu. Ningekuwepo, nisingekubali.

Padri alipofika, wakaweka viti viwili mbele ya watu, wakamwita mama yangu. Padri mwenyewe kijana, mgeni, alidhani ndiyo desturi yetu. Mama hasikii vizuri, na asiyesikia hupaza sauti bila kujijua. Ndiyo maana alikipenda kile kijumba: mbao zake nene zilimsitiri. Siku hiyo aliungama, kanisa zima likisikia, kwamba alikuwa akiomba mikorosho ya jirani yake ikauke kwa kuwa yake haizai. Na jirani yuko benchi la pili. Ndiye aliyekuwa akimchotea maji kila asubuhi.

Wanakwaya walicheka. Hakuna hata mwanakamati mmoja aliyenyanyuka kumhamisha.

Niliporudi nikamkuta mama anaburuta ndoo mwenyewe. Nilimfuata mwenyekiti wa kamati nikiwa nimefura. Akanijibu kwamba kuungama ni kuungama popote, na kwamba salfa ikipata unyevu ni hasara. Kumbe hasara ni ya mfuko. Aibu ya mama wa watu si hasara. Nilitoa mifuko yote kwa mikono yangu, macho yakiniwasha, nikaipeleka kwenye ghala la mzee mmoja Mwislamu anayepakana na kanisa, aliyekubali bila kuombwa mara mbili. Nikafagia, nikafua pazia.

Mwezi uliofuata, siku ya padri, nikamshika mama mkono hadi pale. Akaligusa pazia, akasimama.

"Ingia, mama. Hakuna atakayekusikia," nilimwambia sikioni.

"Wameshasikia," akasema, na mabenchi yote yakageuka. "Humu sasa nifiche nini?"