Mbwa Aliyefundishwa, na Yule Mwingine

Mjomba wangu alikuwa na mbwa wawili pale Kisanga. Dume alikuwa amefundishwa. Jike hakufundishwa kitu, na mjomba alikuwa ameshasema kwamba mahindi yakivunwa tu ataanza naye. Nilijua maana ya kuanza naye, kwa sababu niliona dume alivyofundishwa tangu mwanzo. Sikutaka jike apitishwe huko. Lakini mimi si mtu wa maneno. Mbele ya mjomba naweza kusema shikamoo, baada ya hapo sauti inakwisha.

Mjomba aliwahi kuwa mlinzi Morogoro, kwenye yadi yenye mbwa, na mambo mengi aliyatoa huko. Mengine aliyachukua kwa watu wa hapa. Dume alipokuwa mdogo alifungiwa kwenye kibanda cha mabati, akawa anaona mwanga wakati wa kula tu. Ugali wake ulichanganywa na pilipili na nyigu waliokaushwa wakatwangwa, ili awe mkali. Alipoua kuku wa jirani, mjomba alimfunga yule kuku shingoni kwa waya. Mbwa akatembea naye mpaka kuku akaoza na funza wakahamia kwenye manyoya ya mbwa. Hakugusa kuku tena.

Kisha likaja somo kubwa. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wamemaliza shamba letu, wakabakiza mabua yaliyokanyagwa, na mjomba alitaka mbwa wa kuwakabili wachungaji. Alijaza nyasi kwenye magunia, akayashona yakawa na umbo la mtu. Akalivika sanamu lile blanketi mabegani, kama wachungaji wanavyojifunika asubuhi za baridi, akalifunga na fimbo mkononi. Halafu alisimama nyuma yake akawa anamchapa mbwa kwa mpira wa baiskeli, mbwa asimwone anayempiga. Alichoona ni blanketi na fimbo. Alichapwa hivyo siku nyingi, akiwa amefungwa, analia. Siku alipofunguliwa alilirukia sanamu akalitoa nyasi zote tumboni.

Kuachia nako alifundishwa kwa kipigo. Mjomba akipiga mluzi wa vidole viwili, mbwa aache hapo hapo. Mluzi ule ulikuwa wake peke yake. Hakutaka mtu mwingine ajifunze kuupiga, hata sisi wa nyumbani, maana alisema wachungaji wakija kuujua, mbwa atakuwa mali yao.

"Huyu ni askari," aliwaambia jirani zetu. "Haulizi maswali."

"Na yule jike?" jirani mmoja akauliza.

"Yule mgeni. Anakula, analala, hata kwao hapakumbuki."

Wakacheka.

Dume alikaa shambani, karibu na dungu ninalopanda kufukuza nyani, na hakuletwa nyumbani kamwe. Jike ndiye aliyekwenda huku na huku. Nyumbani naishi na bibi, mama yake mjomba, mtu wa swala tano ambaye hataki mate ya mbwa yamguse. Hakuwahi kumfukuza jike, kwa sababu hapakuwa na haja. Kila asubuhi bibi anafagia uwanja, na jike alikuwa akifika pale alama za ufagio zinapoanza, analala nje ya alama. Bibi akirusha vichwa vya dagaa, jike alisubiri kuku wale kwanza ndipo anyanyuke. Hakuna aliyemwonyesha hayo.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia siku moja kwa utani wake, "huyu ana adabu kukushinda. Wewe dagaa husubiri hata wakauke."

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Vidunda, ukalala juu ya mahindi. Mjomba alikuwa amekwenda Mikumi kutafuta kifaa cha pampu, akaniachia maagizo kwamba dume asifungwe, kwani ng'ombe walikuwa wameonekana upande wa mto. Bibi nilimwacha kitandani na homa.

Nilikuwa juu ya dungu nilipoona mtu anatokea kwenye njia ya katikati ya shamba. Alikuwa ameinama, amejifunika blanketi mpaka kichwani, anatembelea fimbo. Nyuma yake alikuwa jike, anatembea taratibu. Kwa jike ndipo nilipojua kuwa mtu yule ni bibi. Baadaye aliniambia alijisikia nafuu akaona aje kuchuma majani ya kunde.

Dume naye alikuwa amemwona. Hakubweka. Alipita chini ya dungu akiwa amebana masikio, na kabla sijashusha mguu kwenye ngazi nilisikia bibi akianguka.

Alimshika mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Bibi ni mwepesi. Alivutwa kama nguo. Mbwa alikuwa akitikisa kichwa, anavuta, anatikisa tena, na blanketi likachanika, kisha niliona nyama. Nilisema acha. Nilisema kwa sauti yote niliyonayo, ambayo si kubwa. Mbwa aligeuza sikio moja, meno yakabaki palepale. Nikaingiza vidole viwili mdomoni nipige mluzi. Ulitoka upepo na mate. Nikajaribu tena, ukatoka upepo. Bibi aliniangalia nikifanya hivyo.

Jike alikuwa amefika. Mbwa wengi wakiona mwenzao ameshika kitu, nao huingia. Yeye alilala chini kifudifudi, tumbo kwenye matope, akawa analia kwa sauti nyembamba. Hakusogea mbele wala nyuma.

Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye dungu. Nikalinyakua. Pigo la kwanza lilimpata dume mgongoni. Hakuachia. La pili lilimpata begani, nikasikia mfupa ukivunjika, naye akazidi kubana, macho yake yakiwa kwangu. Alikuwa akisubiri mluzi, hilo nalijua. Alikuwa amezoea kupigwa akiwa kazini. Basi nikamlenga kichwani, na nikarudia, na nikarudia, mpaka miguu yake ikaacha kuchimba udongo. Hata hapo ilibidi nimpanue taya kwa mpini.

"Nifunike kichwa," bibi akasema. Ushungi wake ulikuwa umetoka. Nikamfunika, kisha nikavua kanga yangu moja nikamfunga mkono. Ililowa yote.

Jirani mwenye bodaboda alitubeba wote wawili, bibi katikati. Njiani bibi alikuwa akitetemeka, lakini aliongea.

"Mke mwenzangu, umempiga kama unapasua kuni."

"Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini? Ungeacha nikaliwa?"

Mjomba alitukuta hospitalini, akaona mkono ukishonwa, akatoka nje. Jioni tulirudi shambani mimi na yeye. Alichuchumaa mbele ya dume akamwondoa nzi usoni kwa kiganja.

"Alifanya alichofundishwa," alisema.

Ilikuwa kweli, na nadhani ndilo lililomuumiza.

Kisha akamwona jike. Alikuwa bado amelala mahali palepale.

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Hapo."

"Alifanya nini?"

"Alilala."

"Mama analiwa, yeye amelala." Alikwenda kuchukua mpira wa baiskeli kibandani. Alimfunga jike kwenye nguzo ya dungu, akampiga. Alimpiga kwa mikono miwili, miguu ameipanua, kama mtu anayepura maharage. Jike hakumwonyesha meno hata mara moja. Jicho lilivimba likaziba, damu ikatoka puani, na kila mpira ulipotua alijaribu kulala chali, lakini kamba ilikuwa fupi. Mjomba alipochoka alikaa chini, anahema.

"Mama akirudi, naanza na huyu rasmi," alisema. "Atashika au atakufa. Sitaki tena mbwa wa kutazama."

Nilitaka kumwambia kwamba kama jike naye angejua kushika, tungekuwa tunazika mtu. Sentensi yote ilikuwa kichwani. Haikutoka.

Siku bibi aliporudi, mkono ukiwa kwenye bandeji mpaka vidoleni, mjomba alikuwa ameshaanza kushona sanamu jipya. Nyasi zilikuwa zimemwagika uwanjani. Bibi alisimama akaziangalia, akaingia ndani. Mjomba alipokwenda kutafuta uzi, bibi aliniita.

"Vidole viwili havikunjiki," aliniambia, akijaribu. "Mbwa sitaki kumwona. Hata yule jike. Usiku nasikia kama mbwa anahema, nashtuka."

"Hajakukosea, bibi."

Nilishangaa kusikia nimemjibu.

"Najua hajanikosea. Ndiyo maana nakwambia mtoe leo, kabla mwanangu hajaanza naye. Akimaliza kumfundisha, atakuwa kama yule, na mimi nitakuwa hapahapa."

Nilimfungua jike nikaondoka naye kwa kamba. Kijijini hakuna ambaye angempokea mbwa wa mjomba bila kumuuliza kwanza. Nikavuka mto, nikafika kwenye boma la wafugaji, watu walewale ambao dume aliandaliwa kuwararua. Mama mmoja alikuwa akikamua ng'ombe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamtazama jike na lile jicho.

"Nani kampiga hivi, binti?"

"Nyumbani."

"Anang'ata?"

"Hapana."

"Anajua kuchunga?"

"Hajafundishwa kitu, mama."

"Basi anajua nini?"

Nilifikiri. "Anasubiri," nikasema.

Alicheka, akaniambia nimfungue. Mtoto wake alikuja mbio na fimbo akamchapa jike mgongoni. Jike alisogea kando. Mama akamnyang'anya mtoto fimbo, akamchapa nayo miguuni. "Kesho wewe ndiye utakayemlisha," alimwambia, "na ukimpiga tena, chakula chake ndicho chako."

Niliaga. Nilipopita lango la miiba nilisikia nyayo nyuma yangu. Jike alikuwa ananifuata, polepole kama alivyomfuata bibi. Nilimwambia rudi. Alisimama; nilipotembea, naye akatembea. Wakati huo mjomba lazima alikuwa amesharudi na uzi wake.

Nikaokota bonge la udongo mkavu nikamtupia. Lilimpata ubavuni, akaruka, halafu akakaa akanitazama kwa jicho lile moja, kana kwamba nitamwambia alichokosea. Nikapiga hatua, akainuka.

Nikaokota jiwe.